Shikamoo, Windows 7

Kwa Mkuu wa Idara ya TEHAMA,
Ofisini kwetu (jina tunalisitiri).

YAH: PONGEZI KWA KUTUKINGA NA MAMBO MAPYA

Ndugu Mkuu, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa masjala, mkazi wa Kinyerezi, kule kwenye mitambo ya umeme wa gesi. Nakupongeza kwa kuilea kompyuta yangu. Inatumia Windows 7, toleo la 2009. Microsoft wenyewe waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Waliomzaa wamemsusa, wewe ukamchukua yatima. Asubuhi naiwasha, naipa shikamoo, naenda kunywa chai. Nikirudi ndiyo kwanza inaitikia marahaba.

Nyumbani hatuna ulinzi huo. Mwaka 2024 tulitakiwa kusasisha mita za LUKU kabla ya tarehe 24 Novemba. Kumbe namba tunazonunulia umeme hubeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa, si kwetu tu, dunia nzima. Mama mwenye nyumba wangu, muuza vitumbua, akaletewa tarakimu 60 badala ya 20 alizozoea. Akavaa miwani, akapanda kigoda, mimi nikammulikia kwa simu. Kundi la pili akakosea. Akanitazama mimi, si mita. Akarudia. Taa ikawaka. Hakuomba semina elekezi wala posho ya kikao.

Wewe mwenye vyeti ukutani nilikuuliza lini tutahamishia majalada kwenye mfumo mpya. Ukanijibu, "Haujakomaa." Mwaka juzi pia ulikuwa haujakomaa. Hata embe dodo halikai mtini hivyo.

Nilikuja kukuelewa ulipokwenda likizo. Mfumo wa zamani ukakwama, na nywila unayo wewe tu, kichwani. Simu yako haikupumzika. Bosi aliyekuwa hakujui hata jina akakuita "kaka", mara tatu, mbele yetu. Mfumo ambao kila mtu anauelewa nani atakuita kaka?

Watangulizi unao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wale siwalaumu sana: mfumo wa mahesabu wa Wizara ya Fedha ulikuwa umewatokea puani. Hata hivyo marufuku yao ilikuja kulegezwa. Yako inadunda, tena bila kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

Juzi nimesikia habari njema koridoni, kwamba hatimaye umekubali kutuhamishia Windows 10. Nikafuatilia. Microsoft wameacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa imekomaa.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Karani wa Masjala,
Kinyerezi.