Saa Tisa Usiku, Samaki Wanakula Daku

Binamu yangu aliye Doha ana tabia moja: akituma pesa, huziambatanisha na amri. Ami alipopangiwa kupasuliwa mtoto wa jicho Nairobi, mimi nilikuwa nimeshazungumza na jamaa yangu wa Eastleigh atupe chumba chenye vitanda viwili na choo kinachofungika. Binamu akakataa katakata. Baba yake, alisema, hawezi kupewa jicho jipya halafu akalale juu ya duka la simu. Akalipia hoteli kwa mtandao, huko huko Doha, hoteli ambayo mizigo yako hupokewa mlangoni na kijana aliyevaa suti nzuri kuliko ile niliyoolea.

Ami ni mvuvi wa Shimoni. Ukungu wa macho ulimtoa baharini kabla uzee haujamtoa. Usiku ule tulipofika, kwenye ukumbi wa mapokezi kulikuwa na kitu kinachong'aa buluu, urefu wake kama matatu ya abiria kumi na wanne. Ami alikikazia macho kwa adabu, kisha akaninong'oneza, "Televisheni yao ni kubwa, lakini mpira wenyewe hauonekani." Nilikuwa natafuta kitambulisho mifukoni, nikamwitikia tu.

Wakampasua jicho la kulia. Kesho yake bandeji ikatolewa, akapewa dawa za matone, ngao ya plastiki ya kufunika jicho akilala, na orodha ya makatazo: asiiname, asibebe kizito, maji yasimwingie jichoni. Waliowahi kufanyiwa upasuaji huu husema rangi hurudi na fujo zake. Lenzi ya uzeeni huwa imegeuka manjano, buluu haipiti vizuri. Lenzi mpya haina kizuizi hicho. Sasa mchukue mtu aliyeona dunia nzima ya rangi ya chai kwa miaka, mtie lenzi mpya, kisha mpitishe mbele ya tangi la matumbawe linalomulikwa kwa taa za buluu.

Ami alisimama katikati ya ukumbi, wageni na masanduku yao wakampita kushoto na kulia.

"Kangaja," alisema.

Nikadhani anaona njaa. Akasogea kwenye kioo. "Kangaja wa buluu. Kitatange. Tafi. Yule pale kitatange mwingine. Subhanallah, wamefikaje huku?" Akafumba jicho jipya, akatazama kwa lile la zamani. "Kangaja mzee." Akabadilisha. "Kangaja kijana." Zoezi hili alilirudia mpaka msichana wa mapokezi akaja kuuliza kama mzee yuko sawa.

Yuko sawa kupita kiasi. Tatizo ni kwamba kwa Ami jina la samaki haliji peke yake, linakuja na sufuria. Mama mmoja na mtoto wake walikuwa kando yetu wakistaajabu, naye akaona si ungwana kukaa na elimu peke yake. Kangaja, aliwaeleza, lazima achunwe ngozi kwanza. Tafi ni wa kupaka, nazi nzito, moto mdogo, na uiangalie miiba yake ya mgongoni, ina sumu. Kitatange mifupa mitupu, mpe paka. Mtoto akaonyesha kwa kidole samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, aliyejibanza kwenye minyiri ya kiumbe fulani laini. "Na Nemo?"

Ami akainua kichwa, akafikiri kwa haki kabisa. "Huyo hata kwa chambo hafai."

Mtoto akaangua kilio. Mama yake alinikodolea mimi macho, siyo Ami. Katika nchi hii mzee hakosei, hukosea aliyemleta.

Aliyetuokoa ni kijana mtunza samaki, aliyetokea nyuma ya tangi mikono imelowa hadi viwikoni. Akamwamkia Ami shikamoo ya kweli, na wakashikana mazungumzo hapo hapo. Maji yale, alieleza, ni ya bomba la Nairobi yaliyochujwa, kisha yanatiwa chumvi ya pakiti, gramu 35 hivi kwa kila lita, na joto linashikiliwa kwenye nyuzi 25 maana Nairobi mwezi wa saba ingewaua wote kwa baridi. Ami akaomba aonje. Akachovya kidole. "Chumvi imekaa sawa," akatoa hukumu. "Ndimu ndiyo haipo."

Kangaja walikuwa watu wa nyumbani. Kenya huuza nje samaki wa mapambo wanaovuliwa pwani yetu, na wengine huishia huku bara. Hawa, kijana alisema, waliletwa kila mmoja ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni, kwa ndege.

"Kwa ndege?"

"Ndiyo, mzee. Wasichoke njiani."

Ami akanigeukia polepole. "Mimi nimekuja kwa treni."

Kuhusu matumbawe walivutana kidogo. Kijana alianza kumfundisha kwamba tumbawe si jiwe, ni mnyama, tena maelfu ya wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa na kulishwa na mwani unaoishi ndani ya nyama yao. Ami alisikiliza yote, akasema nyumba ya babu yake ilijengwa kwa hao hao: kuta mawe ya matumbawe, chokaa ya kupakia ni matumbawe yaliyochomwa. Kijana akashika kifua. Kipande cha ukubwa wa ngumi, cha aina fulani zenye rangi, huuzwa maelfu ya shilingi. Ami akapiga hesabu kimoyomoyo. "Basi choo cha babu yangu kingeinunua hoteli hii."

Lakini palipotajwa joto, utani ulimtoka. Mwaka wa El Niño, 1998, watu wa bara wanakumbuka barabara na madaraja yaliyosombwa. Ami anakumbuka mwamba uliogeuka mweupe pe, mahali alipokuwa akitega madema tangu ujanani. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la msimu wa joto hata kwa nyuzi moja tu, kwa majuma kadhaa, tumbawe huutema ule mwani wake, likabaki mifupa na njaa. Ami hakuhitaji kuelezwa hili na mtu. Alichohitaji kuelezwa ni kwa nini tangini hamna pono, na jibu likamfurahisha: pono angeyatafuna matumbawe ya maelfu ya shilingi na kuyatoa nyuma yakiwa mchanga.

La Nemo ndilo lililompa tabu. Katika kundi lao mkubwa ni jike, na akifa, mumewe hugeuka akawa jike, kisha dume mdogo hupanda cheo. Ami alinyamaza muda mrefu. Hatimaye akauliza, "Na mirathi wanagawaje?"

Usiku huo alikataa kulala. Nilipoamka saa tisa kumtia matone nikamkuta ameketi kitandani, ngao ya plastiki jichoni, kofia kichwani. Anataka kuona samaki wakilala. Tukateremka. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika na jenereta inanguruma. Lifti inafanya kazi, taa za baa zinawaka, friji za bia zinavuma. Tangi peke yake lilikuwa giza na kimya. Ami hakupenda ule ukimya. Akaniambia niwashe taa ya simu.

Samaki wote walikuwa juu, midomo kwenye uso wa maji.

"Wanakula, mzee," akasema askari wa zamu, bila kuinuka.

"Saa tisa usiku? Wanakula daku?"

Pampu zilikuwa zimesimama. Fundi yupi aliunga jenereta kwenye friji za bia akaliruka tangi, sikuja kujua. Ilivyo ni kwamba usiku matumbawe na mwani wao hawatoi oksijeni, wanaivuta pamoja na samaki, na Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hata maji yenyewe hushika hewa kidogo kuliko ya Shimoni. Haya nilielezwa baadaye. Wakati ule nilimwona tu Ami anapanda juu ya sofa na kupaza sauti aliyokuwa akiitumia kwenye dau wakati wa kusi.

"Leteni vyombo! Visafi, visivyo na sabuni! Chota, inua juu, mwaga!"

Hoteli nzima ilikuwa kwenye usingizi wa pono, isipokuwa waliokuwa ukumbini: wahudumu wa ndege waliokuwa wakisubiri gari la uwanjani, mhudumu wa baa, na bwana mmoja aliyefungiwa nje ya chumba chake akiwa na taulo la hoteli tu. Wote wakatii. Sijui kwa nini. Nadhani mtu mwenye jicho la plastiki juu ya sofa, gizani, haulizwi cheo. Yakaja majagi, birika za chai, ndoo ya barafu. Rubani akavua koti, akapanda kiti, akachota. Mimi nilimkumbusha Ami makatazo ya hospitali.

"Daktari amenikataza kuinama. Hakunikataza kuamrisha. Chota!"

Askari alimpata kijana mtunza samaki kwa simu, akaweka sauti wazi, na kijana akatamka kutoka Rongai yale yale: chota, inua juu, mwaga. Ami akatikisa kichwa kwa ridhaa ya mtu aliyeungwa mkono na chuo kikuu. Hapo kangaja mmoja akaruka nje, akatua zuliani. Askari, akitaka kusahihisha ile habari ya daku, akamdaka mkiani. Kangaja ana kisu pale, pande zote mbili. Bwana wa taulo ndiye aliyemrudisha samaki majini, akitumia mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na kazi.

Kijana alifika kwa bodaboda kabla ya adhana, na pampu ndogo za betri ndani ya begi la mgongoni. Hakufa hata mmoja. Askari alifungwa bandeji na mhudumu wa ndege, na ndege yao, nasikia, iliondoka na rubani mwenye suruali ya maji ya chumvi.

Asubuhi meneja alikuja mezani kwetu mwenyewe. Alimshika Ami mkono kwa mikono miwili, akamwambia achague chochote kilichoandikwa kwenye menyu, hoteli italipa. Ami akasema angependa samaki, kama si usumbufu. Sahani ikaletwa: kipande cheupe, cha pembe nne, hakina ngozi, hakina mfupa, hakina kichwa, na kijani fulani juu yake. Ami akakigeuza kwa uma. Akalisogeza jicho jipya karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni samaki mweupe, mzee," mhudumu akajibu.

"Mweupe ni rangi. Nimeuliza jina."

Mhudumu akaenda jikoni kuuliza. Alikawia. Aliporudi alisema hata mpishi hamjui, aliletwa akiwa ndani ya katoni.

Ami akaagiza mayai.