Sifa za Baghala
Farasi amesifiwa mno. Ana sanamu katika viwanja vya miji, wafalme wamechorwa wakiwa mgongoni mwake, na ndani ya mashairi hukimbia kuliko anavyoweza barabarani. Ngamia naye ana watu wake. Leo ni zamu ya baghala, mwana wa punda dume na farasi jike. Mama ana kromosomu 64, baba 62, yeye akaangukia 63, hesabu isiyogawika kwa mbili, na ukoo wake ukaishia pale pale ulipoanzia. Hana shemeji wa kumkopa wala mjukuu wa kumlipia ada.

Sifa yake kuu ni ukaidi. Mtafuteni Arizona, nchi ya majabali na mipungate, siku marafiki wanne walipoamua kutembea jangwani kwa baghala. Kila kundi lina kiongozi ambaye hakuchaguliwa na mtu. Huyo anaonyesha mteremko wa changarawe na kutangaza njia ya mkato. Wenzake watatu wanauona wazimu huo, lakini nani atamvunjia mwenzake heshima asubuhi yote hiyo? Baghala hana haya. Anasimama. Anautazama mteremko, anageuza sikio moja amsikilize mpandaji, kisha anaanza kutafuna kijani kilicho karibu. Mpige visigino, mbembeleze, mtukanie wazazi: haendi. Farasi huenda angeshuka kwa kuwa ameamriwa, na mngewazika wote wawili huko chini. Baghala anaipenda nafsi yake, na kwa bahati yako umekaa juu yake.

Ndiyo maana huko Grand Canyon watalii hukabidhiwa kwake. Njia ya Bright Angel hushuka zaidi ya mita 1,300 hadi mto Colorado, karibu na Phantom Ranch, malazi ya wageni yaliyosanifiwa na Mary Colter na kufunguliwa mwaka 1922. Kabla ya kushuka, mpandaji hupimwa uzito pamoja na nguo zake, na anayezidi kilo 90 hivi hubaki juu kupiga picha. Tazama wema huo: siri uliyowaficha rafiki zako miaka yote inafichuka mara moja, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa mnyama. Halafu mnyama huyo huchagua kupita ukingoni kabisa, upande wa shimo, mguu wako mmoja ukining'inia hewani. Ana sababu zake. Aliyezoea mizigo mipana huogopa kuigongesha kwenye jabali, na kwa makadirio yake wewe ni mzigo mpana.

Wanaosema hana moyo hawajasafiri naye penye farasi jike. Wachukuzi wa zamani wa magharibi ya Marekani walimvisha jike mmoja kengele shingoni, na mabaghala wote wakamfuata mchana na kulala karibu naye usiku. Rafiki yako akija na jike, basi msafara umepata malkia, ninyi wengine ni wapambe. Malkia huyo akipotea nyuma ya mwamba kwa dakika moja tu, baghala wako analia kilio kinachoanza kifarasi na kuishia kipunda, korongo zima linakirudia, na ubishi wenu wa siasa unakatika. Mimi nahesabu hiyo kuwa neema.

Na asiseme mtu kwamba hajui kutii. Kati ya 1883 na 1889 misafara ya mabaghala ilivuta madini ya boraksi kutoka Death Valley hadi Mojave, kilomita 265 hivi za joto na mawe. Kwenye kona kali, jozi zilizo karibu na magari ziliruka mnyororo wa kuvutia magari wakati msafara unakwenda, zikavuta kwa ubavu kuelekea nje ili magari yasikate kona na kupinduka. Amri yenye akili anaielewa vizuri sana.

Kwetu hakufika mbali. Vita vya 1914–1918 vilipopiganwa Afrika Mashariki, mabaghala wa majeshi walikufa ovyo kwa ugonjwa wa mbung'o, na mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, lingali likitaja kikosi chao cha wapagazi. Wapagazi wale hawakupewa nafasi ya kusimama na kutafuna majani.

Mateke? Anayo. Asante ya punda inajulikana, na mwanawe ameirithi kwa nyongeza: hukufikia hata ukiwa umesimama ubavuni ukidhani u salama. Usalama wako, kwa maoni yake, ungeanza kwa kumwomba radhi kabla ya kukaza mkanda wa tandiko.

Kwa kuwa hazai, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Idaho waliamua kumnakili. Mwaka 2003 akazaliwa Idaho Gem, wa kwanza katika jamii yote ya farasi kupatikana kwa njia hiyo, na miezi michache baadaye Idaho Star, mwenye chembe za urithi zile zile. Mwaka 2006 wote wawili wakapelekwa Winnemucca, Nevada, kushindana mbio na mabaghala waliozaliwa kawaida. Mmoja alimaliza wa tatu, mwingine wa saba: nakala mbili za mnyama mmoja, uwanja mmoja, na kila mmoja na maoni yake kuhusu haraka.