Pombe Iliyoishia Katikati ya Shamba

Huku Nyangwe shamba la mpunga halipimwi kwa hatua wala kwa kamba. Linapimwa kwa bidoni, yaani dumu la pombe. Ukiita salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kufyeka, majirani hawakuulizi shamba liko wapi. Wanauliza pombe bidoni ngapi. Ukisema mbili, wanaikodolea macho nyika yako, wanapiga hesabu kimoyomoyo, kisha mmoja anakuonyesha mchikichi ambapo panga zitasimama. Na zitasimama hapohapo.

Shangazi, fundi wa pombe wa ukoo wetu, aliahidi bidoni mbili za lita 20. Aliloweka mahindi, akayafunika kwa majani ya mgomba mpaka yakachipua, akayaanika, akayatwanga yakawa kimea. Uji wa muhogo ukapikwa ndani ya pipa lililokatwa, ukapoa, ukatiwa kimea, ukaachwa uchachuke. Harufu ikazunguka kijiji kizima kabla ya mwaliko wenyewe. Siku ya kuchuja, bidoni ya kwanza ikajaa mpaka shingoni. Ya pili ikafika kiunoni, ikagoma.

"Moto umeinywa," akasema shangazi.

"Moto hauna kinywa, yaya," akajibu baba mdogo, povu likiwa bado kwenye masharubu yake.

Kikaitishwa kikao. Jirani mmoja, mwalimu wa fizikia, alikuja na kalamu sikioni na kikombe mkononi, akatueleza kwamba hapo hakuna mwizi. Pipa lenye mdomo mpana hupoteza mvuke mwingi kuliko chungu chenye shingo. Maji yaliyochemka yakipoa hupungua karibu asilimia 4, yaani kwa bidoni moja ni pungufu kidogo ya lita nzima. Na kila kilo ya nafaka ikiishia kwenye machicha, huondoka na karibu lita moja ya kinywaji. Kila hoja aliisindikiza kwa kikombe, kwa ajili ya utafiti. Somo lilipokwisha, bidoni ya pili ilikuwa imetoka kiunoni ikashuka magotini, na kwa hilo fizikia haikuwa na la kusema.

Mimi mwenzenu namshuku muonjaji. Pombe ikiwa bado pipani, yupo anayepita kuomba kaa la moto, yupo anayetafuta mbuzi wake aliyepotea, yupo aliyekuja kumjulia hali shangazi ambaye haumwi. Kila mmoja hupewa kata aonje, maana kumnyima ni uchoyo. Naye huonja, hufumba macho, hutafuna ulimi kidogo, kisha hutoa hukumu: "Bado kidogo." Hukumu hiyo humlazimu kurudi kesho kuangalia kama imeiva. Sijawahi kumsikia mtu akionja mara ya kwanza na kusema imekuwa tayari.

Mtu akataja bia ya Primus. Ni kweli chupa yake ya sentilita 72 haipungui njiani, lakini ikishapita barabara zetu mpaka kufika huku, bei yake inakuwa imenenepa. Baba mdogo akaja na dawa ya bure: mto Lualaba uko pale chini, unapita usiku na mchana. Shangazi akashika mwiko kama askari.

Ana haki. Maji huongezwa kwenye uji, yakapikwa na kuchachuka pamoja na vyote. Ukiyatia pombe ikishaiva, unawapa watu maji ya kunawia yenye rangi. Alichokubali ni kumimina maji vuguvugu juu ya machicha na kuyakamua. Ikatoka pombe ya pili, nyepesi, akaitia kwenye chungu cha peke yake na kumtangazia kila mtu kuwa ni ya pili. Soko la Nyangwe lina historia ya wauzaji wasioficha kasoro. Vitabu vinalikumbuka kwa mauaji ya Julai 15, 1871, lakini msafiri Livingstone, aliyekuwapo, aliandika pia juu ya wauza vyungu waliovigonga ili mnunuzi asikie kwamba havina ufa.

Siku ya salongo majirani zetu Waislamu, walioahidiwa chai ya sukari na wali, walimaliza upande wao kabla ya adhuhuri, wakanawa, wakaenda kuswali. Birika la chai halina muonjaji. Upande wa pili panga zilikwenda kwa kasi mpaka bidoni ya pili ilipoinamishwa ikatoa matone. Zikasimama. Mchikichi tulioonyeshwa ulikuwa bado mbali, umezungukwa na nyasi za kimo cha mtu. Chungu cha pombe ya pili kikanywewa kwa heshima ya shangazi, lakini hakuna aliyekiona kuwa ni malipo.

Msemaji wao akaja kwa adabu. Kipande kilichobaki watakifyeka, ila shangazi apike bidoni nyingine moja kamili.

"Nitapika," akasema shangazi. "Ila safari hii nani ataonja?"

Watu waliokuwa wamejilaza kwa uchovu wakaamka wote kwa pamoja, na mwalimu wa fizikia akawa wa kwanza kunyoosha mkono.