Chakula cha Kuhesabu

Mimi nimezoea chakula kinachonitazama. Ndivyo tulivyolelewa huku ufukweni. Ukienda Dunga, au Lwang'ni enzi zile kabla tingatinga halijapita pale, unaonyeshwa samaki kwanza. Yupo mbele yako na macho yake na mkia wake, unamgeuza upande huu na upande ule, unamnusa kidogo kama una shaka, mnapatana bei, ndipo anatumbukizwa kwenye mafuta. Lwang'ni, kwa wasiojua Kijaluo, maana yake ni nzi. Watu walitoka Nairobi na magari makubwa makubwa wakaja kula mahali panapoitwa Nzi, wakalamba vidole, wakarudi kwao wakisifu. Hawakujali jina kwa sababu walimwona samaki wao akiwa mzima.

Sasa binti yangu wa pili amepata mchumba. Kijana mzuri, sina neno naye. Tatizo ni kwamba anakaa Kilimani, Nairobi, na huko mikahawa ya Wachina imejaa hadi vijana wetu wanakula kwa vijiti bila kuona haya. Alipokuja Kisumu kutusalimia akasema angependa kututoa, mimi na mama yake binti, twende tukale "mahali tofauti kidogo." Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Kwa umri wangu, kila kitu nilichoahidiwa kuwa tofauti kidogo kimeniumiza tumbo, kuanzia mtaala wa shule hadi dawa ya presha.

Mke wangu, Nyar Seme, alishtuka kwa niaba yangu. Kwa mila zetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Wengine siku hizi wanajifanya wamesahau, lakini yeye si katika hao. Saa kumi jioni nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, ugali na omena mbele yake, anakula bila haraka.

"Si tunakwenda kula?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye unayekwenda kula," akasema. "Mimi nakwenda kuketi."

Nikamcheka. Kicheko kile nilikilipia baadaye.

Mkahawa wenyewe uko ghorofani, mjini, na jina lake silitaji. Tulipofika nikaona meza ya mviringo, na juu ya meza kuna meza nyingine ya kioo inayozunguka. Mimi najua kwamba sahani husogezwa kwa mzee. Hapa mzee husubiri sahani imfikie, kama abiria wa Kondele anayesubiri matatu ijae. Na ikifika haisimami. Kila nikinyoosha mkono, binti yangu anaizungusha amfikishie mchumba wake sosi, na chakula changu kinakwenda zake.

Kabla ya hapo palikuwa na jambo la kunawa. Nilikaa, nikanyoosha mikono pembeni mwa meza nikingoja birika la maji moto na beseni. Halikuja. Nikabaki nimeinyoosha kama mtu anayepimwa suti, hadi Nyar Seme akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kilichokuja ni chai. Kijana akaeleza kwamba kwa Wachina wa kusini, wale wa Guangdong na Hong Kong, vitu hivi tunavyokwenda kula ni vya kusindikizia chai. Kwamba hata kwenda kuvila wanakuita kunywa chai. Nikafurahi. Chai naijua. Kericho iko hapo juu tu, ukisimama Ahero unaona milima ya Nandi. Basi nikamiminiwa kikombe kidogo kisicho na mkono, kinachounguza vidole, na ndani yake mna maji ya rangi ya mtama. Hakuna maziwa. Nikauliza sukari iko wapi, meza nzima ikanyamaza. Mimi ni mtu wa ukanda wa miwa. Nimezaliwa kati ya Miwani na Muhoroni, nimelala miaka yote na harufu ya molasi puani. Kuniletea chai isiyo na sukari ni kunitukana hadharani, ila aliyekuwa analipa ni mkwe, nikanywa.

Mhudumu alivaa gauni jekundu lenye joka mgongoni. Nilipomsalimia kwa Kijaluo akaniitikia kwa lafudhi safi ya Nyakach, nikapata nguvu. Nikamuuliza, "Nyathina, hapa kuna nini cha mtu mzima?" Akacheka, akaanza kutuletea vikapu vya mianzi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mvuke unatoka. Nikasema sasa kazi imeanza. Akafunua cha juu.

Sita.

Vilikuwa sita, vidogo, vyeupe, vimekunjwa kunjwa ukingoni kama vifuko vya kuwekea mkufu. Hizo ndizo damplingi. Vyakula vyote hivi vidogo vya vikapuni, kijana akaendelea kunielimisha, vinaitwa dim sum, na tafsiri yake ni kugusa moyo. Nikamwambia moyo umeguswa, tunangoja tumbo.

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Sita kwa nne ni moja na nusu. Damplingi haina nusu, kwa sababu ukiikata yaliyomo yanamwagika. Nikaanza kupiga hesabu ya vipande vidogo vidogo, kisha nikakumbuka Nyar Seme hali. Sita kwa tatu, mbili mbili, bila baki. Miaka yote hiyo nikipinga baadhi ya mila, sikujua zina manufaa kwenye kugawanya.

Lakini lililonikera ni lile la kuhesabu kwenyewe. Kwetu chakula hakihesabiwi. Ugali hukatwa, samaki humegwa, mboga huchotwa, na mtu anayehesabu matonge ya mgeni hazikwi vizuri. Mahali pekee nilipowahi kula kwa idadi ni shule ya bweni, na hata pale ilikuwa maharage, nayo mtu hukata tamaa ya kuyahesabu.

Vijiti sitaki kuvizungumzia sana. Damplingi ya mvuke huteleza kama kambare, nami nilipoibana ikaruka, ikagonga kikombe cha chai, ikatua mbele ya mkwe wangu mtarajiwa. Akajifanya anaangalia simu. Nilimwongezea alama tano. Ile ya pili nikaona nisibishane nayo, nikaidunga kwa kijiti kimoja kama mvuvi wa mkuki.

"Baba, hizo hazidungwi," binti yangu akanong'ona.

Alichelewa. Ndani yake mlikuwa na mchuzi. Mchuzi, jamani, ndani ya kifuko cha unga kilichofungwa pande zote! Ukanirukia shati lote, lile jeupe la kustaafia. Nikamwita binti wa Nyakach, si kumgombeza, bali kwa sababu swali limenishika: mchuzi umeingiaje humo? Miaka yote niliyosikia habari za vitu hivi nilidhani wanatumia sindano. Akaeleza kwamba hautiwi ukiwa mchuzi. Wanachemsha ngozi ya nguruwe muda mrefu, supu yake ikipoa inaganda kama jeli, wanaikatakata wanaichanganya na nyama, wanafunga. Kikapu kikipigwa mvuke jeli inayeyuka inakuwa mchuzi tena, nao umeshafungiwa. Ningekuwa bado darasani ningemwita aje aeleze sayansi kwa watoto wa kidato cha kwanza. Shati lenyewe halijatakata mpaka leo.

Kikapu cha nne alikileta kwa kujivunia. "Hii, Mzee, ni ya samaki. Mbuta wetu."

Nikaketi wima.

Asiyetoka huku huenda asielewe kwa nini. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, ndiye samaki mkubwa wa ziwa letu, na kwa miaka mingi amegawanywa kama urithi wenye wakili mbaya. Mnofu wake huchunwa viwandani, ukapakiwa kwenye barafu na kupelekwa ng'ambo. Kibofu chake cha hewa, kile Watanzania wanachokiita bondo, hukaushwa na kusafiri hadi Hong Kong na China, huko matajiri wanakitia kwenye supu, na kilo yake hushinda kilo ya mnofu kwa bei mara nyingi. Kinachobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama mbili tatu zilizosahauliwa na kisu. Hiyo huletwa Obunga, akina mama wanaikaanga, na sisi wenye ziwa tunaila. Tumeipa jina lake: mgongo wazi. Naupenda mgongo wazi, nimesomesha watoto kwa mgongo wazi, lakini sijawahi kuudanganya kwamba ni samaki mzima.

Mchina naye, akishachukua kibofu, hakutuacha mikono mitupu. Alituletea ngege wake wa kufugwa, amegandishwa, amefungwa kwenye katoni, akauzwa hapa hapa mjini mwa ngege. Mwaka 2018 hata Rais Uhuru Kenyatta alisema biashara hiyo ikomeshwe, na wafanyabiashara wa samaki hapa wakapiga makofi. Reli yake Mchina ilifika Naivasha mwaka 2019, ikaona Kisumu ni mbali, ikapumzika. Samaki wake hawakuhitaji reli.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba ndani ya vile vifuko sita mna mnofu wa mbuta, nilivitazama kwa muda. Hao ni ndugu waliopotea. Nikakichukua kimoja kwa vidole, vijiti nikaviweka chini. Kuna mambo hayataki adabu. Nikala. Ulikuwa mweupe, laini, una tangawizi na majani ya kitunguu, na hauna mwiba hata mmoja. Ulikuwa mtamu. Nilikasirika kwamba ulikuwa mtamu. Ulimi wangu uliochambua miiba kwa miaka sitini ukakaa kinywani bila kazi, kama mstaafu mwenzangu. Yaani mbuta wa ziwani, hatua chache kutoka ziwani, nimemla mnofu kwa kuwa Mchina amemfunga kwenye unga wa ngano na kuniuzia kwa idadi.

Na ukosefu wa miiba una hatari ambayo wenye mikahawa hawaifikirii. Ukweni ni salama kwa sababu watu wanakula samaki. Mtu mwenye mwiba karibu na koo haanzishi mazungumzo mazito. Husema ndiyo, husema hapana, hutazama sahani. Damplingi inaacha mdomo huru. Kijana wa watu, mdomo huru, akakohoa kidogo akaniuliza kama naweza kumdokezea habari ya mahari, ng'ombe wangapi.

Nikaizungusha meza mbali naye. Habari ya ng'ombe ina jagam wake, yaani mshenga, ina wazee wake, ina kigoda na pombe yake. Haizungumzwi kwenye meza inayozunguka. Nikamwambia kwa upole, "Kijana, sisi hatuna tabia ya kuhesabu hesabu."

Nyar Seme, aliyekuwa hajatamka neno tangu salamu, akaweka kikombe chini. "Ng'ombe ndio wa kuhesabu," akasema, akamtazama mhudumu kana kwamba ndiye aliyeuliza.

Tulimaliza vikapu saba. Bili kijana aliifunika kwa mkono, ila bei nilikuwa nimeisoma mapema kwenye orodha: shilingi 720 kwa kikapu. Saba mara 720 ni 5,040. Damplingi 42, kila mlaji 14, shilingi 120 moja. Kijana alikuwa ametueleza kwamba kule kaskazini mwa China watu huzila mwaka mpya kwa sababu umbo lake linafanana na vipande vya fedha vya kale, zinavuta utajiri. Niliamini. Utajiri niliuona ukivutwa kutoka kwa mkwe wangu kwenda kaunta.

Nyumbani tulifika saa tatu na nusu usiku. Kwenye meza palikuwa na ugali uliofunikwa na omena ya kutosha mtu mmoja. Nilikula nimesimama, na shati langu la mchuzi.

Ningeishia hapa, lakini mke wangu husoma safu hii. Wiki mbili baadaye, mkwe akiwa amerudi Kilimani, Nyar Seme alivaa viatu vyake vya kanisa siku ya Jumatano na kuniambia tupande tuktuk. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipoketi kwenye ile meza akaagiza kikapu cha samaki, akala vyote sita, akaagiza kingine, na kingine. Kumi na nane. Hakutumia vijiti hata mara moja, wala tone la mchuzi halikumwangukia. Mimi niliambulia chai.

Desemba watu wa kwao kijana wanakuja, na binti ameshatangaza kwamba wageni watapelekwa pale pale. Kwa hiyo, mwenye mkahawa, nakuomba mambo matatu. Weka birika la maji ya kunawa. Weka sufuria moja tu ya ugali kule jikoni, hata kama hutaiandika kwenye orodha. Na vikapu viwe vya damplingi nane, maana siku hiyo kila meza itakuwa na watu wanne na Nyar Seme amesema atakula.