Sifa za Mheshimiwa Deni

Nasimama kwa niaba ya wazazi wa Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, hasa wale ambao watoto wao bado wanabebwa mgongoni, nimsifu mkaaji mmoja wa huku kwetu ambaye hajawahi kupewa medali. Machifu wamesifiwa. Majenerali wamesifiwa, tena na wao wenyewe. Wafadhili wamewekewa kibao kwenye kila bomba la maji, hata lile lisilotoa maji. Ila Mheshimiwa Deni, anayelala katika nyumba zetu zote kuanzia Sake hadi Walikale-centre, hana hata kipande cha ubao chenye jina lake.

Tuanze na ukoo wake, kama ilivyo desturi. Deni huzaliwa mwezi wa tisa. Ndio mwezi ambao shamba linadai mbegu za maharage, na shule inadai madaftari, viatu na sare, wote wakibisha mlango mmoja katika wiki moja. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni za bure, tukadhani Deni atafungasha. Hakufungasha. Alihamishia ofisi yake sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, na jioni anarudi nyumbani kulala.

Ana kaka yake mkubwa, anayezaliwa maternite. Mama amejifungua salama, mtoto ananyonya, muuguzi ameshasema waende. Ankara peke yake ndiyo imesema wabaki. Basi wanabaki, hadi baba auze mbuzi au akope kwa shemeji. Wenye ulimi mkali wanaita jambo hilo kifungo. Mimi nauliza: ni nani mwingine katika milima hii aliyewahi kumpa mama mzazi siku kumi za kulala bila kushika jembe?

Wanaodhani Deni ni mgeni aliyeletwa na dola hawajawasikiliza wazee wa Kinyanga wa Walikale. Katika utenzi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 kisha ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, chifu Shemwindo wa Tubondo anawaamuru wake zake wamzalie wasichana watupu. Mzazi yeyote anaielewa hesabu hiyo: binti huleta mahari, kijana huja kuyaomba. Nadhani huyo ndiye baba wa kwanza wa Walikale kupanga bajeti. Lakini akazaliwa Mwindo, kijana, anayesema na kutembea tangu siku ya kwanza. Baba alijaribu kumwondoa kwa kila njia, na mwisho wake ni baba mwenyewe aliyekimbia, akajificha hadi chini ya ardhi, mtoto akamfuata hukohuko akamrudisha nyumbani. Mdai unaweza kumkimbia. Mtoto uliyemkopea, huwezi.

Wazungu nao walimjua Deni. Mwaka 1546 Mfaransa François Rabelais alimwandikia mhusika wake Panurge hotuba ndefu ya kusifu madeni, na moja ya hoja zake ni kwamba wadai wako humwombea Mungu akupe maisha marefu. Hoja ni nzuri, ila ni ya mwanamume ambaye hajaoa; kitabu kizima kinazunguka swali la kama aoe au asioe. Panurge angekuwa analea watoto wanne Kitchanga, hotuba ingekuwa fupi, kwa sababu angekatizwa na mtu anayebisha hodi. Hata hivyo alisema kweli. Risasi zikilia usiku, asubuhi ndugu zako wanauliza umelalia wapi. Mwenye butike naye anauliza, tena kwa uchungu zaidi, maana wao wanakuombea kwa imani na yeye anakuombea kwa imani na kwa daftari.

Fadhila yake ya kwanza ni kutembea bila kizuizi. Mwaka 2024, mwisho wa mwezi wa nne, waasi wa M23 waliingia Rubaya. Mwezi wa kwanza 2025 wakachukua Masisi-centre, kisha Goma. Mwezi wa tatu wakafika Walikale-centre, wakaondoka baadaye. Kila mstari wa mbele ulipohama, sisi tulihama nao au tuliukimbia. Mwenye gunia la viazi alilipa kwenye kizuizi, mwenye chukudu ya mizigo alilipa jetoni ya kupita, na mwenye miguu mitupu aliulizwa kitambulisho. Deni alipita. Familia ilikimbia Masisi, ikaacha nyumba, ikaacha maharage shambani, ikaacha mbuzi kwa yeyote aliyebaki nao. Ilipofika kambi ya Mugunga, chini ya plastiki, Deni alikuwa ameshafika na anaulizia majina. Sijui serikali wala kundi la silaha katika Kivu linalotambuliwa pande zote mbili za mstari kama anavyotambuliwa yeye.

Fadhila ya pili ni uaminifu wa kazi. Benki za Goma zilipofunga milango mwaka 2025, makuta yaliyokuwa ndani yaligeuka hadithi za kuwasimulia watoto. Deni hakufunga hata siku moja. Na dola yenyewe ni mtu wa madaha: ikichanika pembeni kidogo, sokoni hakuna anayeitaka. Deni hachaniki.

Tatu, ni mwalimu asiyegoma. Mtoto wa miaka minne, ambaye bado anachanganya mkono wa kulia na wa kushoto, anajua kusimama mlangoni na kusema kwa uso mkavu, “Papa ameenda Goma,” huku miguu ya Papa inaonekana chini ya pazia. Chuo gani cha diplomasia kimewahi kufundisha haraka hivyo? Baba naye amejifunza jiografia: anajua kila njia inayopita mgombani nyuma ya nyumba za watu, na kila saa ambayo mwenye butike anakwenda kusali. Hata simu inayolia saa kumi na moja alfajiri kumkumbusha huenda ina tantali ya Rubaya ndani yake, maana vilima vile vinakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Dunia ilichukua madini kwetu, ikaturudishia kengele ya kudaiwa.

Lakini kazi yake kubwa Deni ameifanya msituni, Walikale. Tangu kasiterite, jiwe la bati, igunduliwe Bisie mwaka 2002, wapagazi waliyatoa mawe msituni wakiwa na kilo 50 mgongoni, na ndege ndogo zikawa zinatua juu ya lami ya barabara, Kilambo, kuyapeleka Goma. Nani aligharamia yote hayo? Komptwari ya Goma, inayouza madini nje, ilimkopesha mnunuzi. Mnunuzi alimkopesha PDG, ndivyo anavyoitwa mwenye shimo. PDG aliwakopesha wachimbaji unga, nyundo na betri za tochi. Mchimbaji alikula fufu na sombe kwa mkopo kwa mama wa mgahawa, na mama huyo, mtoto mgongoni, alikuwa ameukopa unga. Wenye elimu wanaita hilo mnyororo wa ugavi. Mnyororo ni mnyororo kweli, na kila pete yake ni daftari.

Hapo ndipo mwaka 2010 ulipotufundisha kuna Deni wangapi. Tarehe 1 mwezi wa saba, nchi yetu, Kongo, ilifutiwa madeni ya nje ya dola bilioni 12.3. Palikuwa na vikao, palikuwa na pongezi, na hakuna mdai aliyeifuata nchi hadi jikoni. Mwezi wa tisa, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Mchimbaji akakosa cha kumlipa mama wa fufu, mama akakosa cha kumlipa mwenye unga, na mwezi wa tisa, kama tulivyokwisha kusema, watoto wanadai madaftari. Hao hawakuwa na kikao Washington. Walilipana kwa kuku, kwa siku za kulima, kwa bidoni ya mawese, kwa kuomba radhi na kurudi tena juma lijalo na franka kidogo mkononi. Ndiyo maana sifa zangu ni za Deni mdogo. Mkubwa husamehewa, mdogo hulipwa.

Haki inadai nimtaje pia ndugu yake anayetuaibisha, Banque Lambert, mkopeshaji wa mtaani asiye na mlango wala kibao, ambaye dola mia zake huweza kurudi mia na hamsini mwisho wa mwezi. Huyo simsifu, anajilipa vya kutosha. Na nimtaje yule mwenye adabu, tunayekaa naye katika AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, kila mama ananunua hisa zake mbele ya wenzake, na anayekopa analipa mbele ya macho yaleyale. Ukiona nyumba yenye watoto wadogo inamaliza madeni yake huku kwetu, mara nyingi njia ni hiyo: mama anayetenga kidogo kila juma kabla ya chumvi kununuliwa, na baba aliyeacha pombe ya kasiksi ya Jumapili bila kutangaza.

Mheshimiwa Deni, nimemaliza sifa, limebaki ombi. Sisi tunaodaiwa unatujua kwa majina, hadi ya utani. Lakini katika daftari lako kuna kurasa ambazo hujazifungua. Kuna waliokopa mbuzi na ng'ombe wetu kwa mtutu wa bunduki, wa kila rangi ya sare. Kuna waliopakia mawe yetu kwenye ndege na kuacha barabara ya matope. Kuna aliyemwajiri mwalimu na kumlipa ahadi. Wewe unavuka mistari yote, huchoki, huhitaji jetoni, na hakuna mlango usioujua. Basi nenda ukawabishie hodi na hao, alfajiri, kama unavyofanya kwetu, kabla hawajapata njia ya mgombani.