Niuzie Besi, Usiniuzie Marehemu

Nina ugomvi na wauza besi wa mji huu, na kwa kuwa hawasomi Kiswahili, nitawasema hapa bila kumung'unya maneno.

Naishi Memphis, Tennessee. Mtu akikaa Memphis muda mrefu hupatwa na moja kati ya mawili: ama ananenepa kwa mbavu za kuchoma, ama anaambukizwa rokabili. Mimi yamenipata yote. Kwa asiyeujua, rokabili ni muziki alioanza nao Elvis Presley akiwa bado kijana wa kuendesha lori la kampuni ya umeme, kabla ya suti za kumetameta. Tarehe 5 Julai 1954 aliingia studio ya Sam Phillips, namba 706 Union Avenue, akiwa na Scotty Moore wa gitaa na Bill Black wa besi ya kusimama. Mpiga ngoma hakuwepo. Ule mlio wa taka-taka-taka unaokufanya utikise mguu ni Bill Black anauvuta uzi, anauachia ugonge ubao, kisha anaucharaza kibao kwa kiganja. Besi na ngoma, vyote kwa ujira wa mtu mmoja. Mwajiri wangu angempenda sana yule bwana.

Basi nami nikasema nataka besi. Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Kwanza, ukubwa. Besi wanayopiga karibu watu wote inaitwa ya robo tatu. Robo tatu! Inakaribia sentimita 180 kwenda juu. Ukiisimamisha sebuleni wageni wanaisalimia. Mke wangu aliniuliza robo iliyobaki nitaileta lini ili ajue mapema kama ahame yeye au lihame kabati.

Pili, wenyewe wauzaji. Wa kwanza ni mrithi. Huyu ana besi ya marehemu mjomba wake gerejini, imeegemezwa karibu na mashine ya kufulia, na hakuuzii mbao bali anakuuzia historia. "Hii ni Kay," anakwambia kwa sauti ya msibani, "kama ya Bill Black." Neno hilo moja linapandisha bei kwa maelfu ya dola. Ukimuuliza kama shingo imewahi kuvunjika, anakujibu habari za Elvis. Ukimuuliza habari za nyufa, anakujibu habari za Elvis. Besi ya Bill Black mwenyewe inajulikana iliko: iko kwa Paul McCartney, aliyezawadiwa na mkewe Linda siku ya kuzaliwa. Nilimsimulia mke wangu hayo kwa mbinu ya kumtia moyo. Akanijibu kwamba Linda alikuwa na nyumba kubwa.

Jambo ambalo warithi hawalitaji ni kwamba Kay ilikuwa besi ya kiwandani. Zilitengenezwa Chicago kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, za plaiwudi, zikauzwa kwa shule na bendi za dansi kwa sababu zilikuwa na bei nafuu na hazikufa kwa kugongwa na mlango. Bill Black hakuitafuta besi ya kifahari. Alishika iliyokuwapo, akaicharaza, akaipanda kama punda jukwaani ili watu wacheke, nayo ikavumilia. Leo mtu anataka nilipie kama hazina ya kifalme kitu kilichosifika kwa kuwa rahisi!

Muuzaji wa pili ni wa mtandaoni. Kwake besi mpya inauzwa chini ya dola elfu moja, na usafiri juu yake. Nilikwenda kuiona ya jamaa mmoja aliyeinunua. Daraja, kile kibao kinachozibeba nyuzi, lilikuwa limekuja pembeni, ndani ya mfuko wa nailoni, mnunuzi atajijua. Nyuzi zilikaa juu kiasi cha kupitisha kidole gumba chini yake. Nilipopiga kidogo tu, vidole vikawa vyeusi, kwa maana ule ubao wa vidole, ambao kwenye besi ya heshima huwa wa mti mweusi mgumu, ulikuwa mbao nyeupe iliyopakwa rangi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimetembezwa kwa meli.

Wa tatu ni bwana wa duka la fidla, mwenye koti na miwani ya kamba. Huyu alinionyesha besi zilizochongwa kwa mbao nzima, nzuri kweli, zinazonguruma kama simba aliyeshiba. Nikamwambia mimi nitaipiga vibao. Alinitazama, akairudisha ukutani, akaniuliza kama nimejaribu gitaa. Na pale, ingawa alikusudia matusi, alinisaidia. Mbao nzima hupasuka hali ya hewa ikibadilika, hutaka kutunzwa kama mtoto mchanga, na ukiiunganisha na spika kubwa huwa nyepesi zaidi kuanza kuvuma yenyewe. Plaiwudi haina makuu hayo. Kwa rokabili plaiwudi ndiyo yenyewe.

Kila mtu pia ana ushauri. Jirani anasema ninunue gitaa la besi la umeme, eti Leo Fender alikwishatuondolea mzigo huu mwaka 1951. Jirani, mwaka 1957 Bill Black alipewa hilo la umeme studioni, likamshinda, akalitupa chini akatoka, na Elvis mwenyewe akalipiga. Usinichanganye. Mwingine anadai kupiga besi vibao ni uvumbuzi wa Memphis. Akamuulize Pops Foster wa New Orleans, aliyekuwa akizicharaza kabla Elvis hajazaliwa. Akimaliza hapo, amsikilize Willie Dixon kwenye "Maybellene" ya Chuck Berry ya mwaka 1955. Weusi wa miji ile walikuwa wamezichakaza nyuzi zamani.

Hata nyumbani sikupona. Shemeji yangu wa Unguja, aliyekulia kwenye taarab, ananiona kwenye simu nikijifunza kwa besi ya kuazima. Kule besi ya kusimama wanaijua vizuri, ipo kwenye vikundi kama Culture Musical Club, inadonolewa taratibu nyuma ya fidla na kanuni. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Shemeji, besi imekukosea nini?"

Halafu nyuzi. Za chuma zina sauti, lakini kwa mtindo wa kuvuta na kuachia zitakula ngozi ya vidole hadi ufunge plasta kama bondia. Wakongwe walitumia za utumbo, laini, zenye mlio mzito unaokufa haraka, na seti moja inagharimu mamia ya dola. Mke wangu alitaka kujua kama huyo kondoo wa utumbo alichinjwa kihalali. Nimeandika kuuliza, sijajibiwa. Zipo pia za nailoni na za kutengenezwa, nafuu zaidi. Na wapo wahuni wanaofunga ule uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia majani, na Wallahi inapiga.

Basi, baada ya kusikia hotuba za wote hao, nakupa hukumu yangu bure.

Ukienda kuangalia besi ya zamani, mwache mwenye nayo aendelee na hadithi, wewe inama. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Anza pale shingo inapoingia mwilini: ufa wa hapo ni msiba, na rangi mpya ya hapo ni msiba uliofichwa. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote, taratibu. Panapojibu kwa mlio mkavu, gundi ipo. Panapochakacha, gundi imeachia. Hilo si la kukufukuza, fundi hulirudisha, lakini lishushe kwenye bei. Funga jicho moja uangalie ubao wa vidole kuanzia juu kwenda chini; ukiona una mgongo na mabonde kama barabara ya kijijini, hesabu pesa ya fundi. Chungulia kwenye tundu lenye umbo la herufi f uone kile kijiti cha ndani kimesimama. Hakikugundishwa, kinashikwa na mkazo wa nyuzi tu, sawa na daraja. Kwa hiyo anayekwambia azitoe nyuzi zote nne kwa pamoja ili uone vizuri, mzuie. Hubadilishwa mmoja mmoja.

Baada ya hapo mtafute fundi wa fidla aliyekwisha kushika besi. Atalichonga daraja lilingane na mwili, atausawazisha ubao, na atazishusha nyuzi hadi mahali pa ubinadamu: mwisho wa ubao, uzi mwembamba kabisa ukae kama milimita 6 juu, na mnene kama 9. Ukizishusha zaidi zitakereketa. Ukiziinua, mkono wako ndio utakaokereketa. Kama utapiga jukwaani, weka vinasa sauti viwili, kimoja darajani kwa ajili ya noti na kingine kwenye ubao kwa ajili ya ule mlio wa kibao. Cha darajani peke yake kitakupa besi isiyo na ngoma, na hapo Bill Black wote umemtupa.

Wauzaji hawatakwambia haya kwa kuwa hayana faida kwao: besi ya plaiwudi ya bei ya kati iliyopita mikononi mwa fundi inaishinda besi ya jina kubwa iliyonunuliwa ikapelekwa moja kwa moja jukwaani. Kwa hiyo pesa yako igawe mafungu mawili kabla hujatoka nyumbani. Fungu kubwa ni la besi, la pili ni la fundi, nyuzi na vinasa sauti. Kama fungu la pili halijapatikana, usinunue bado, endelea kuazima. Na muuzaji akianza kukutajia marehemu, muulize shingo.