Masizi ya Mtutu na Visingizio vya Mwindaji

Mtutu wa bunduki hupiga vizuri pale tu unapoitendea kila risasi kama ulivyoitendea iliyotangulia. Ndani yake mna mifereji ya msokoto ambayo, katika bunduki ya .303 ya Kiingereza, kina chake hakifiki hata robo ya milimita. Mifereji hiyo ndiyo huishika risasi na kuizungusha, hata ikatoka kwa kasi ya karibu mita 740 kwa sekunde huku ikizunguka takribani mara 3,000 katika sekunde hiyohiyo. Kikikaa humo kitu chochote, kiwe masizi, shaba, kutu, mafuta au kiota cha nyigu, risasi huelekea kwingine. Katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania, vyote vitano hupatikana, na pengine katika mtutu mmoja. Hata hivyo, bunduki ikikosa, wa kwanza kushukiwa ni mchawi, wa pili ni upepo, wa tatu ni jirani aliyeuliza asubuhi, "Mjomba, leo nyama tutakula?" Mtutu huchunguzwa mwisho, iwapo utachunguzwa.

Kwa uchafu, gobole halina mshindani. Silaha hii, ambayo wengi huimiliki bila kibali na hivyo kinyume cha sheria, hushindiliwa kupitia mdomoni, na mtutu wake ni laini usio na msokoto. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hutoka kama moshi mzito au hubaki ndani kama utando mweusi unaovuta unyevu. Baada ya milio michache goroli haishuki tena. Mwenye shamba la mpunga husimama akisukuma mdeki kwa mikono miwili, naye nguruwe mwitu aliyekoswa hana desturi ya kusubiri.

Hata majeshi yameionja adha hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imevumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille miaka 30 kabla, lakini haikuwa imewafikia. Kila mlio uliacha masizi mtutuni na wingu juu ya kichaka, na adui alihitaji macho tu kujua mpigaji amelala wapi.

Baruti mpya ilipunguza masizi, ila ikaja na balaa lisiloonekana. Fataki za risasi za zamani, yaani viwashio vya baruti, zikiwemo za .303 za kijeshi, zilikuwa na kemikali ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunywa maji ya hewani na kuzaa kutu, na hewa ya bondeni Ifakara wakati wa masika haina choyo cha maji. Hapa ndipo mwenye bidii hupatwa na yaleyale ya mvivu. Hupiga risasi jioni, husugua mtutu kwa mafuta mpaka ukang'aa, hulala kwa amani, na baada ya siku chache hukuta wekundu. Mafuta hayayeyushi chumvi; huifunika tu, nayo huendelea na kazi yake chini kwa chini. Kinachoiondoa ni maji, hasa ya moto, yakimiminwa mtutuni kwanza. Mtutu ukikauka ndipo mafuta yafuate. Wanajeshi wa Kiingereza walifundishwa hivyo, lakini bondeni birika likichemka huwa na wenyewe, na chai haijawahi kushindwa kesi na bunduki.

Kutu ikishatoboa vishimo ndani ya mifereji, haiondoki kwa kusuguliwa. Kila kishimo hukwangua shaba kutoka katika gamba la risasi inayopita. Shaba hiyo hugandamana tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa wali kwenye sufuria isiyolowekwa, na katikati ya tabaka hunaswa masizi. Mtutu huwa mwembamba mahali pamoja na mpana pengine, na risasi zilizokuwa zikitua karibu karibu huanza kutawanyika. Mabadiliko huja polepole, ndiyo maana mwenye bunduki huamini kwa dhati kwamba wanyama wa siku hizi wamekuwa wajanja. Dawa zenye amonia huyeyusha shaba, na kitambaa kikitoka na rangi ya buluu ni dalili kwamba bado imo.

Kwa kuwa msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, bunduki nyingi hukaa miezi ya mvua ndani ya mkoba wa turubai, pahali pazuri kwa kutunza unyevu. Ikisimamishwa wazi pembeni mwa chumba, nyigu wa udongo huona mdomo wa mtutu kuwa nyumba isiyo na kodi. Kiota cha namna hiyo ni kizibo kamili: risasi ikikikuta njiani, msukumo wa gesi unaweza kuupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji. Matope ya mashamba ya mpunga huleta hatari hiyohiyo. Utepe mwembamba wa gundi juu ya mdomo huzuia yote mawili, na hewa inayosukumwa mbele ya risasi huufungua kabla risasi haijafika. Kabla ya kupakia, hata hivyo, mtutu hutazamwa kutoka nyuma hadi mwanga uonekane.

Kusafisha nako kuna maafa yake. Sehemu nyeti kuliko zote ni ukingo wa mdomo, kwa sababu hapo ndipo risasi inapoachiwa. Ukilika upande mmoja, gesi huisukuma risasi kando. Mdeki wa chuma unaoingizwa kwa mbele, au kamba inayovutwa mshazari kila mara, huula ukingo huo taratibu. Kwa hiyo kazi hufanywa kutoka nyuma kila bunduki inaporuhusu. Oili chafu ya pikipiki haifai, maana huja na masizi yake na chembe za chuma. Kitambaa kiwe kidogo. Kipande kinene cha khanga kikikwama katikati, mwenye nacho huwa na kesi mbili, moja ya mtutu na nyingine ya mwenye khanga, na asijaribu kamwe kuzimaliza kwa kupiga risasi.

Kosa linalobaki ni la usafi uliopita kiasi. Mtutu uliong'arishwa na kupakwa mafuta usiku wa kuamkia safari kwa kawaida hupeleka risasi ya kwanza kando na mahali zitakapotua zinazofuata, wakati mwingine kwa sentimita kadhaa katika umbali wa mita 100. Mafuta hubadili msuguano, na chuma kitupu hakiishiki risasi kama chuma kilichokwisha kuonja mlio. Kwa mnyama, risasi ya kwanza ndiyo yenye maana. Ya pili humsindikiza tu.

Kwa hiyo mafuta hufutwa kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha hupigwa risasi moja au mbili za kuuzoesha mtutu, mahali halali penye tuta la udongo, na shabaha hukaguliwa mtutu ukiwa katika hali hiyo. Bunduki nyingi za kuwindia hazihitaji kung'olewa shaba kila zinapotumika. Husafishwa kwa kina kundi la risasi linapoanza kupanuka. Aliyeandika tarehe, idadi ya risasi na mahali zilipotua hulitambua badiliko hilo mapema. Fataki zikiwa za chumvi, mvua ikinyesha au msimu ukifungwa, daftari halina la kusema: mtutu husafishwa siku hiyohiyo, na birika hupewa bunduki kabla ya chai.